Acha Ititie Kwanza

Mpita njia akikuta kiwanja kilichozungushiwa mabati, ndani yake rundo la kifusi refu kuliko nyumba, juu ya rundo vichwa vya mabomba vilivyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, na mtu pekee aliyepo ni mlinzi na redio yake, atasema mkandarasi amekimbia na fedha za watu. Kwa yale tuliyokwisha kuyaona, si dhana ya kulaumiwa. Lakini huenda hapo ndipo kazi nzito kuliko zote inapofanyika, na anayeifanya ni kifusi chenyewe kwa uzito wake. Kimewekwa pale ili kuizamisha ardhi. Miezi ikipita kitapakiwa tena kwenye malori na kupelekwa kwingine, na ndipo msingi utakapochimbwa.

Mafundi karibu wote hupigana na kasoro ili isitokee. Fundi wa ardhi laini huitafuta itokee mapema, kiwanja kikiwa kitupu, hakuna ukuta wa kupasuka wala mtambo wa kupinda. Ardhi laini ikitwishwa mzigo itatitia tu; hilo halina mjadala. Kinachowezekana ni kuchagua ititie lini na mbele ya macho ya nani. Sijui ufundi mwingine uliojengwa juu ya ukweli mkali namna hiyo, na ndiyo maana naona unastahili kusifiwa, ingawa ni vigumu kumpiga picha mtu anayengoja.

Ukitaja ardhi laini, wengi watafikiria pwani: bonde la Msimbazi, matope ya mikoko ya Lamu na Mombasa, bandari zinazojazwa mchanga ili zipate pa kusimamisha kreni. Mimi nauchukua ufundi huu nikaupandishe mlimani, hadi Oldeani, kwa sababu huko mtu anaweza kuziona tabia tatu za ardhi katika mteremko mmoja. Mlima wenyewe ni volkano iliyozimika kusini-magharibi mwa Kreta ya Ngorongoro, wenye kimo cha zaidi ya mita 3,000, juu mianzi na msitu, chini yake mashamba ya kahawa yaliyoanzishwa na walowezi wa Kijerumani kati ya vita viwili vikuu vya dunia. Hapo udongo ni mwekundu, mzito, wa kina kirefu. Ukishuka kuelekea Mangola, mwekundu unapungua. Kwenye mabonde na tambarare unakutana na mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kunata masika. Ukiendelea hadi ukingoni mwa Ziwa Eyasi, mita kama 1,000 tu juu ya usawa wa bahari, unakanyaga tope lililoachwa na ziwa na mito, lenye chumvi, ambalo kwa macho huwezi kujua linaishia wapi kwenda chini.

Mpangilio huo wa udongo kufuata mteremko, mwekundu juu na mweusi bondeni, ulipewa jina la kitaalamu papa hapa Tanganyika. Geoffrey Milne, mkemia wa udongo katika kituo cha utafiti cha Amani, Usambara, aliuita katena katika miaka ya 1930, na wataalamu wa udongo duniani kote wanalitumia neno hilo hadi leo. Alichokionyesha ni kwamba mwamba unaweza kuwa mmoja huku udongo ukatofautiana kwa sababu ya maji: juu yanapita, chini yanalala. Mkulima wa Kiiraqw angemwambia hivyo bila maabara, maana watu wake walikuwa wakichimba nyumba zao za tembe ndani ya mteremko na kuzifunika kwa udongo, na huwezi kulala chini ya paa la udongo usiojua tabia yake.

Oldeani haina kiwanda kikubwa cha kutisha. Ina mitambo ya kumenya kahawa, na Karatu, wilaya yake, ina maghala. Lakini wilaya inalima ngano na mahindi, Mangola inapakia vitunguu usiku na mchana, na siku si nyingi mtu atakuja na michoro ya maghala ya chuma kama yale yanayosimamishwa katika mikoa mingine. Basi tuchukue ghala moja la kufikirika, la mviringo, lenye upana wa mita 20 na uwezo wa kubeba tani 5,000 za mahindi. Gawanya uzito huo kwa eneo la chini: ni karibu tani 16 kwa kila mita ya mraba, bila kuhesabu chuma wala zege. Nyumba ya kawaida ya tofali isiyo na ghorofa, ukiusambaza uzito wake kwenye sakafu nzima, haifiki tani mbili. Kuuiga mzigo wa ghala hilo kwa kifusi kungehitaji rundo la karibu mita tisa.

Hesabu hiyo ni ya kutisha, lakini siyo inayomkosesha fundi usingizi. Kinachomsumbua ni upana. Mzigo mwembamba husikika karibu na uso wa ardhi, mzigo mpana husikika mbali chini. Chini ya katikati ya ghala letu, kwa kina cha mita 20, zaidi ya robo ya mzigo bado ipo. Kwa kina cha mita 40 ndipo unapungua hata usifike sehemu moja ya kumi. Kwa hiyo mzee wa kijiji aliyechimba visima na makaburi maisha yake yote anaijua ardhi ya mita chache za juu, naye ni shahidi wa kuheshimiwa. Akikuambia, “Hapa masika maji yanalala, mwanangu, na pale ng'ombe walizama mwaka ule wa mvua,” andika. Ila ghala litaamsha tabaka ambazo hakuna mtu wa kijiji aliyewahi kuzigusa, na hizo zinaulizwa kwa mashine ya kutoboa tu.

Waliosahau kuuliza walilipa. Oktoba 1913 huko Transcona, karibu na Winnipeg nchini Kanada, ghala jipya la ngano lenye uwezo wa busheli milioni moja lilikuwa likijazwa kwa mara ya kwanza. Likaanza kuzama. Kwa saa moja lilishuka kiasi cha sentimita 30, kisha likaanza kulala upande mmoja, na baada ya siku moja lilikuwa limeinama karibu nyuzi 27, matangi yake ya zege yakiwa mazima, kana kwamba limeamua kupumzika. Kabla ya kujenga walikuwa wameipima ardhi, tena kwa uangalifu wa zama zile: walibebesha uzito kwenye kibamba kidogo mahali pa msingi, ardhi ikastahimili. Kibamba kidogo kiliiuliza ardhi ya juu, iliyokuwa ngumu, na mfinyanzi laini wa chini haukuulizwa kitu. Ghala lile lilinyanyuliwa baadaye likapewa nguzo zilizofika kwenye mwamba, likaendelea kutumika. Wahandisi hulisimulia hadi leo, na wengi wao hulisimulia kwa kicheko kifupi, kile cha mtu anayejua lingeweza kuwa lake.

Turudi juu, kwenye udongo mwekundu. Hapa ufundi unaanza kwa kujizuia. Kule Kenya, kwenye miteremko ya Aberdare, katika miaka ya 1950 lilijengwa bwawa la Sasumua la kuipelekea Nairobi maji, na tuta lake lilikuwa la udongo mwekundu uliozaliwa na volkano, ndugu wa huu wa kahawa. Vipimo vya maabara vilitia hofu: udongo umejaa maji, ni mwepesi, na kwa karatasi unafanana na mifinyanzi mibaya kabisa. Mshauri mmojawapo alikuwa Karl Terzaghi, Mwaustria aliyezaliwa Prague mwaka 1883, mtu ambaye wahandisi wa udongo wanamhesabu kuwa baba yao. Mwaka 1958 alichapisha maelezo ya bwawa hilo na ya kitendawili chake: udongo uliokuwa na alama zote za udhaifu ulikuwa na nguvu na haukubonyea sana. Chembe zake ndogo, za madini yaitwayo haloisaiti, zimeshikana katika vidonge vyenye matundu; maji yaliyopimwa yamefungiwa humo ndani, na kwa nje vidonge vinabebana vizuri.

Kutokana na Sasumua na tafiti zilizofuata, fundi wa maabara ana amri moja ya kufuata akiletewa sampuli za udongo wa namna hii: asikimbilie kuutia kwenye tanuri. Joto la kawaida la kukaushia, nyuzi 105, hufukuza maji yaliyo sehemu ya madini yenyewe, na udongo uliokwisha kukaushwa hivyo haurudi kuwa ule uliochimbwa hata uuloweke wiki nzima. Vipimo vitakavyotoka vitakuwa vya udongo mwingine ambao haupo popote mlimani. Dereva naye ana amri yake. Roli la kushindilia likipita mara nyingi kupita kiasi, huvunja vile vidonge, maji yaliyofungiwa yanatoka, na asubuhi ardhi iliyokuwa imara inateleza kama sabuni. Mkandarasi asiyejua ataagiza mapito mengine kumi. Anayejua atasimamisha mashine. Namheshimu sana mtu anayeweza kusimamisha mashine iliyokodiwa kwa saa.

Adui mwingine wa ardhi ya volkano ni maji yanayopenya. Majivu yaliyotua bila kushindiliwa yanaweza kusimama wima kama ukuta miaka na miaka, kisha mvua moja kubwa ikatafuta ufa, ikayabeba chembe kwa chembe kwa chini, na juu pakaanguka. Machi 2018, baada ya mvua kubwa, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok, nchini Kenya, ilikatwa na ufa mkubwa karibu na Suswa. Magazeti ya dunia yakatangaza kwamba Afrika inagawanyika mbele ya macho yetu, huku wanajiolojia kadhaa wakieleza bila makeke kwamba maji yalikuwa yamefukua majivu laini kutoka kwenye nyufa za zamani. Kwa ghala letu, somo hilo hugeuka kuwa mitaro iliyojengewa vizuri, maji ya paa yanayopelekwa mbali, na mashimo ya panya na mizizi ya visiki kufukuliwa na kujazwa. Ni kazi ya jembe na sururu, na inafaa ipewe heshima sawa na ile ya mashine.

Udongo mweusi sitakaa nao sana. Unavimba ukinywa na kunywea ukikauka, na kila fundi wa Afrika Mashariki amekutana nao katika ufa wa ukuta wa mtu. Ukiwa wa kina kifupi unachimbwa wote na kutupwa, pakajazwa moramu kwa matabaka yanayoshindiliwa moja baada ya jingine. Ukiwa mwingi, unachanganywa na chokaa asilimia chache; kemia ya chokaa huufanya uache kunata na usinywe tena kwa pupa. Kisha unaulinda na maji, masika na kiangazi, maisha yote ya jengo.

Ufundi wenyewe, kwa maana ya kungoja na kupima, uko chini kule, kwenye tope la ziwa. Tope limejaa maji, na mzigo ukija, kwanza ni maji yanayoubeba, si chembe za udongo. Maji hayabonyei, yanatafuta pa kutokea, na kwa kadiri yanavyotoka chembe zinasogeleana na ardhi inashuka. Ni kukamua tui kwenye kifumbu kilichofumwa kwa kubana mno: hata uwe na mkono wa nguvu namna gani, tui litatoka kwa mwendo wake. Terzaghi aliipatia hali hii hesabu alipokuwa akifundisha Istanbul baada ya Vita Kuu ya Kwanza, akitumia vifaa vya kuungaunga, na kitabu chake cha mwaka 1925 ndicho kilichofanya upimaji wa udongo uwe elimu inayojitegemea. Hesabu hiyo ina kipengele kimoja ambacho nadhani kila mwenye mradi angepaswa kukijua kabla hajaanza kupiga kelele: muda hufuata mraba wa njia ambayo maji yanasafiri. Ifanye njia iwe nusu, muda unakuwa robo. Ifanye iwe sehemu moja ya kumi, muda unakuwa sehemu moja ya mia.

Tabaka la mfinyanzi la mita 10, maji yakitoka upande mmoja tu, linaweza kuchukua nusu karne kukaa sawa. Nani angoje nusu karne? Ndipo mafundi walipoanza kuyatengenezea maji njia za mkato. Wamarekani walitoboa mashimo na kuyajaza mchanga katika miaka ya 1930. Msweden Walter Kjellman akabuni mikanda ya karatasi ngumu. Leo inatumika mikanda ya plastiki, upana sentimita 10 hivi, iliyovikwa kitambaa cha kuchuja, inayochomekwa ardhini na mashine ndefu kama mlingoti, mmoja kila mita moja au moja na nusu. Maji hayahitaji tena kupanda mita 10. Yanasafiri pembeni chini ya mita moja, yanaingia kwenye mkanda, yanapanda. Nusu karne inakuwa mwaka au pungufu. Kisha kifusi kinapandishwa juu yake, tena kwa hatua, kwa sababu ukikiweka chote kwa siku moja maji hayajapata muda wa kutoka, tope linabeba kisichobebeka, na rundo linateleza pembeni. Unasubiri, unapima, unaongeza, unasubiri.

Na kupima ni kuzuri kwa unyenyekevu wake. Kabla ya kifusi, bamba la chuma la mraba linalazwa juu ya ardhi ya asili, limechomelewa bomba linalosimama wima. Kifusi kinapopanda, bomba linaongezewa kipande kwa kipande, na kila kipande kinapimwa urefu na kuandikwa, la sivyo hesabu yote inaharibika. Bamba linashuka pamoja na ardhi, bomba linashuka na bamba, na mpima aliyesimama mbali, akiwa na leveli yake, anasoma kichwa cha bomba kwa milimita. Karibu na hapo kumezikwa piezomita, kifaa cha kupima shinikizo la maji yaliyomo udongoni. Vyombo hivyo viwili vinasemeshana. Bamba likipunguza mwendo huku shinikizo la maji bado liko juu, utulivu huo usiuamini. Maji hayajatoka, yamekwama. Vyote viwili vikitulia pamoja, unaweza kuanza kufikiria kuondoa mzigo, na ukiuondoa ardhi itainuka kidogo, milimita chache, halafu itatulia.

Adui wa bamba ni dereva wa katapila. Anarudi nyuma, anagonga bomba, bomba linapinda, na historia ya miezi imekatika papo hapo. Ndiyo sababu ya ile rangi nyekundu na nyeupe, na matairi ya zamani yaliyozungushwa pale chini. Adui wa pili ni mvivu, na huyu ni mbaya zaidi, maana hapindi kitu kinachoonekana. Jua kali, rundo refu, mpima anakaa kivulini na kuandika vipimo kwa kukisia kutoka vya juzi. Daftari lake linapendeza: kila wiki milimita tatu, tatu, tatu. Ardhi ya kweli haiandiki hivyo. Inashuka nne, inashuka mbili, baada ya mvua inasimama, kisha inashuka tano, na mhandisi mzoefu akiona daftari lililo safi kupita kiasi atavaa buti aende mwenyewe. Mwaka 1978 Mjapani Akira Asaoka alionyesha namna ya kuvipanga vipimo vya kipindi sawa, kila kimoja kikikabiliana na kilichokitangulia, ili kutabiri ardhi itaishia wapi. Njia hiyo ni rahisi kiasi kwamba inawezekana kwa penseli na karatasi ya miraba, na inategemea kitu kimoja tu: kwamba mtu alikwenda kweli kusoma.

Mwaka huohuo, upande wa magharibi wa mlima Oldeani, karibu na Endulen, kikosi cha Mary Leakey kilikuta nyayo za Laetoli. Nazitaja kwa sababu unyayo ni kipimo cha ardhi kutitia. Miaka milioni 3.66 iliyopita majivu ya volkano yalianguka, mvua ikayalowesha, viumbe wa jamii ya binadamu wakapita, na majivu yakashika kabla hayajafutika, kwa sababu yalikuwa na madini yanayoganda kama saruji. Mmoja wa wapitaji, ambaye nyayo zake zilikuja kukutwa baadaye, kwa makadirio ya waliozisoma, alikuwa na urefu wa karibu sentimita 165 na uzito wa kilo 45 hivi. Aliposimama kwa mguu mmoja aliikandamiza ardhi kwa kiasi cha tani mbili kwa mita ya mraba, kama nyumba yetu ya tofali au zaidi, lakini unyayo ni mwembamba na ulisikika karibu na uso wa ardhi tu.

Habari ya nyayo hizo baada ya kuvumbuliwa ina ufundi mwingi wa udongo ndani yake kuliko watu wanavyodhani. Zilifunikwa tena kwa mchanga na mawe, lakini humo mlikuwa na mbegu za migunga, zikaota, mizizi ikaanza kushuka kuelekea kwenye nyayo. Katika miaka ya 1990 Idara ya Mambo ya Kale ya Tanzania na taasisi ya uhifadhi ya Getty ya Marekani zilifukua sehemu zilizohitaji, zikaondoa mizizi, kisha zikazika upya kwa matabaka yaliyopangwa: mchanga uliochekechwa, vitambaa vya kitaalamu vinavyopitisha maji, vingine vyenye dawa ya kuzuia mizizi, udongo, na mawe ya volkano juu kulinda tuta lisimomonyoke. Ni kazi ileile ya rundo la kifusi, ila hapa mzigo uliwekwa ubaki.

Kisha likaja wazo la kujenga makumbusho hapo Laetoli. Kabla ya kujenga, ardhi ikaulizwa. Zaidi ya mashimo 60 ya majaribio, kila moja la mita mbili kwa mbili, yalichimbwa ili kujua jengo lingeathiri nini kilichomo ardhini, na katika baadhi yake, kiasi cha mita 150 kutoka zile za kwanza, zikatokea nyayo nyingine. Fidelis Masao wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzake walichapisha matokeo Desemba 2016. Mimi nauona huo kuwa upimaji wa kiwanja uliofanikiwa kupita wote ninaoujua katika nchi hii. Ungerukwa ili kuokoa miezi michache, msingi ungepita katikati ya nyayo na hakuna ambaye angejua.

Limebaki swali ambalo wapima wa pwani hawalazimiki kulifikiria sana. Kipimo chochote cha kutitia ni tofauti kati ya bamba na alama isiyosogea. Je, katika Bonde la Ufa alama isiyosogea iko wapi? Julai 2007 ardhi ilitetemeka siku nyingi kuzunguka mlima Gelai, kando ya Ziwa Natron, magma ikipenya chini kwa chini. Satelaiti za rada zilionyesha kwamba ukanda wa ardhi ulikuwa umeshuka makumi ya sentimita, na Septemba Ol Doinyo Lengai ikalipuka. Alama ya zege iliyokuwa kwenye ukanda ule ingeshuka pamoja na kila kitu, na daftari la mpima lingesema hakuna kilichotokea. Oldeani iko mbali na pale na haikukumbwa na hayo, lakini mpima wa huku hajengi alama moja. Anajenga tatu au nne, mbali na rundo lisije likazivuta, kwenye mwamba akiupata, na kila baada ya muda anazipima zenyewe kwa zenyewe.

Ningekuwa na sauti katika zabuni, ningeandika kungoja katika mchanganuo wa gharama, kwa mstari wake, kama saruji na nondo: miezi kadhaa, mpima, msaidizi, mabamba, piezomita, mlinzi. Kisichoandikwa bei ndicho kinachokatwa kwanza mwenye mradi anapoharakishwa na benki, na hapo kitakachobaki cha kuizamisha ardhi ni ghala lenyewe. Na hata kungoja kukilipwa kote, kazi haiishi siku ya kukata utepe. Mavuno ya kwanza ndiyo mzigo halisi wa kwanza. Ghala linajazwa robo, linaachwa, linapimwa pembe zote. Robo ya pili, vivyo hivyo. Kushuka kwa pamoja kunavumilika. Upande mmoja ukishuka kuliko mwingine, unasimamisha mahindi.

Malori yatakuwa yamepanga foleni hadi barabarani. Dereva mmoja atamfuata mpima na kumwambia, “Mzee wangu, mawingu hayo unayaona? Mzigo wa watu utanyeshewa.”

“Nayaona, kijana,” atasema mpima, akikunja miguu ya leveli. “Jua limeshapasha bati, hewa inacheza, hapa sisomi kitu cha kuaminika. Funikeni maturubai. Tutasoma kesho saa kumi na mbili asubuhi, na nikiona tofauti iko chini ya milimita tano, wewe ndiye utakayeanza kushusha.”